Bonde lile liko wapi kwenye molekuli?

Kwa miaka kadhaa nilifundisha kwa chaki spektra ya infraredi, yaani mchoro unaoonyesha mwanga usioonekana unavyonywewa na molekuli. Nilichora mstari unaotambaa, unaporomoka ghafla kisha unapanda tena, nikawaambia wanafunzi: hapa oksijeni na hidrojeni, pale kaboni na oksijeni. Wakanakili. Siku moja kijana mmoja wa Pemba akanyanyuka: "Mwalimu, bonde lile liko wapi kwenye molekuli?" Nikamwelekeza kwenye jedwali la namba. Akakaa, lakini uso wake ulisema sijamjibu.

Wenzangu mnaosomesha kemia skuli na vyuoni, swali hilo linajibika. Spektra na modeli ya molekuli viwekwe pamoja, mwanafunzi aone kimoja kinavyokigusa kingine.

Infraredi ni kitu cha zamani. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa falaki huko Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu ya kioo na kupima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, pasipo na rangi yoyote, ndicho kilichopanda zaidi. Mionzi hiyo isiyoonekana imo pia katika jua letu linalokausha karafuu majamvini.

Ndani ya molekuli atomu hazitulii. Vifungo vyake huvutika na kupinda kama springi, kila kimoja kwa kasi yake. Infraredi ikipita, molekuli hunywa ile tu inayokwenda sambamba na mitetemo yake, na mwanga unaotokea upande wa pili hupungua. Ndiyo maana mstari hushuka. Namba za chini ya mchoro nazo huandikwa kinyume, 4000 kushoto na 400 kulia, zikihesabu mawimbi yanayoenea katika sentimita moja. Lielezeni hilo mapema. Nimeshaona mwanafunzi akigeuza karatasi juu chini kutafuta vilima.

Kabla ya kuwasha kompyuta, mimi hutundika springi na kufunga ndimu. Nikiivuta na kuiachia, inadunda haraka. Nikiifungua na kuweka chungwa, mdundo unakuwa wa pole pole. Nikirudi na springi ngumu zaidi, chungwa hilo hilo linachangamka. Darasa likishaona hayo, halishangai tena kwa nini hidrojeni, atomu nyepesi kuliko zote, huonekana kushoto, kwenye mitetemo ya haraka, karibu na 3000 na zaidi.

Hapo ndipo naiwasha kompyuta. Programu ya Jmol, inayoonyesha modeli za molekuli, ni ya bure na ikishawekwa haihitaji intaneti. Ndani yake mna JSpecView, inayofungua spektra. Faili zikitayarishwa vizuri, molekuli inakaa upande mmoja na spektra upande wa pili. Ukibonyeza bonde, molekuli inaanza kutikisika.

Mfano wangu ni eujenoli, kiini cha harufu ya karafuu, kwa sababu mtoto wa Pemba anaijua harufu yake hata kama jina hajalisikia. Ina kaboni 10, hidrojeni 12 na oksijeni 2, jumla atomu 24. Kanuni ya kuhesabu mitetemo ya molekuli kama hii ni idadi ya atomu mara tatu, toa sita: mitetemo 66. Bonyeza bonde pana la karibu na 3500, na hidrojeni moja tu itacheza, ile iliyoshikwa na oksijeni. Sasa izungushe molekuli taratibu. Hidrojeni hiyo imeelekea oksijeni ya pili iliyo jirani, na jirani anaivuta. Mvuto huo hulegeza kifungo chake, na bonde ambalo lingekaa karibu na 3600 husogea kulia. Jedwali langu la zamani halikuwa na neno juu ya jirani huyo.

Kisha bonyeza karibu na 1514. Pete nzima ya kaboni sita inajinyonganyonga. Wanafunzi hupenda kuamini kwamba kila bonde lina mwenyewe mmoja. Hapa imani hiyo inavunjika bila mwalimu kusema kitu.

Lakini picha hutia chumvi. Atomu husogea kidogo mno kuliko tunavyoona, na mtetemo wa 3500 hujirudia takriban mara trilioni 105 kwa sekunde. Tena mitetemo ya modeli kwa kawaida hutokana na hesabu za kompyuta, ambazo mara nyingi hutoa namba zilizozidi vipimo kwa asilimia chache. Usipolisema, mashine ya maabara ndiyo itakayolaumiwa. Na kibonde cha karibu na 2350 kisiwasumbue: ni hewa ukaa, mara nyingi pumzi zenu wenyewe mlioizunguka mashine.

Mwisho naleta spektra mbili, ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yanayokamuliwa kiwandani Chake Chake, na ya mafuta ya karafuu zenyewe. Zinafanana sana, kwani eujenoli ndiyo imejaa katika yote mawili. Tofauti iko karibu na 1765, ambako mafuta ya karafuu yana bonde lililozama zaidi. Nawaambia walitafute kwenye modeli ya eujenoli. Wanabonyeza, hakitikisiki kitu. Wanaigeuza molekuli huku na huku wakitafuta kifungo maradufu cha kaboni na oksijeni, ambacho ndicho chenye bonde upande huo, na hakimo. Darasa linanyamaza kidogo, mpaka mmoja aseme, "Basi humu mna kitu kingine." Ndipo ninapofungua faili ya eujenili asetati, molekuli nyingine ya karafuu, yenye kifungo hicho.