Picha za Zanzibar ya zamani na sanaa dhahania ya pwani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Picha ya Mji Mkongwe wa zamani huchorwa kwa hisia tu, haina kosa.

Ina makosa mengi, na majengo ndiyo yanayoyafichua. Beit al-Ajaib, jumba la sultani, lilijengwa 1883, na mnara wake wa awali ulisimama peke yake mbele ya jumba. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896 iliuharibu, ikaliangamiza na jumba jirani la Beit al-Hukm. Baada ya hapo ndipo mnara wa saa ukajengwa ukiwa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib. Kwa hiyo mchoraji anayedai kutuonyesha enzi ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar aliyefariki 1888, akaugandisha mnara kwenye jumba, amechora wakati mwingine kabisa. Hamu ya zamani inastahili uangalifu zaidi ya huo. Milango nayo ina umri: ya kale zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, yenye tao ilikuja baadaye.

Dhana: Ukipaka kahawia juu ya kila kitu, picha inapata ukale.

Inapata matope. Ukuta wa chokaa ukiwa kivulini hupokea buluu ya anga. Anza na nyeupe sehemu 8, buluu ya ultramarini sehemu 1, kisha tone la siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, kuituliza.

Dhana: Sanaa dhahania, ile isiyoiga sura halisi ya kitu, ni kumwaga rangi tu.

Huanza kwa kutazama. Nenda ufukweni wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yakiwa yamekupwa. Chagua kitu kimoja: matuta ya mchanga, au kamba za mwani kule Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kichore kwa penseli mara kadhaa, kila mara ukipunguza, hadi ubaki mwendo wake tu. Ndipo ushike rangi, zisizidi tatu. Kazi nyingi hufa kwa sababu maumbo yote yana ukubwa mmoja na nafasi sawa. Matuta ya mchanga hayako hivyo: hubanana, hupanuka, hukatika.

Dhana: Akriliki, rangi inayochanganywa na maji, inaweza kupakwa juu ya rangi ya mafuta iliyokauka.

Itabanduka. Akriliki ikae chini, mafuta juu. Na kila tabaka la mafuta liwe na mafuta ya kitani mengi kuliko lililo chini yake, la sivyo litapasuka.

Dhana: Picha hutundikwa ukuta wowote.

Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na turubai iliyozigusa huota kuvu kwa nyuma. Gundisha vipande vya mbao vya sentimita 1 nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite.