Skizofrenia: mazoezi ya kumbukumbu na umakini kwa njia ya simu

Mwanangu anakunywa dawa na sauti zimetulia. Mbona bado anasahau sana?

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Dawa zake husaidia zaidi kwenye sauti hizo na kwenye kudhani watu wanamfuatilia. Kwenye kumbukumbu, umakini na kupanga mambo, msaada wa dawa ni mdogo. Kijana anatumwa vitu vinne dukani, anarudi na kimoja, nyumbani anaitwa mvivu. Ni ugonjwa huo, na mara nyingi dalili hizi hutangulia hata sauti zenyewe. Kama anasinzia mchana kutwa, mwambieni daktari aangalie dozi. Msiipunguze wenyewe.

Kuna tiba yake?

Ipo tiba ya kurekebisha uwezo wa kufikiri. Mgonjwa hufanya mazoezi ya kukumbuka, kuzingatia na kupanga, mara kadhaa kwa wiki kwa miezi kadhaa, huku mtaalamu akimfundisha mbinu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulijumuisha majaribio 130 yenye washiriki 8,851. Faida ilionekana, ingawa kwa wastani ni ndogo, na ilikuwa kubwa zaidi pale palipokuwa na mtaalamu aliyefunzwa. Haichukui nafasi ya dawa.

Kwa simu inafanyikaje?

Chukua mtu wa Mbagala Rangi Tatu anayetakiwa kliniki mara mbili kwa wiki. Nauli, foleni, na ndugu wa kumsindikiza anayeacha biashara yake: mwezi hauishi kabla hajakata tamaa. Kwa simu, mtaalamu anampigia kwa video saa waliyokubaliana.

Anamsomea: nyanya, sabuni, vitunguu, kiberiti, nazi, mkaa. Mgonjwa anarudisha viwili. Mtaalamu hamsahihishi, anamuuliza, "Umejaribuje kuvishika?" Wanatafuta mbinu pamoja: vya mboga upande mmoja, vya moto na usafi upande wa pili, kisha avitamke kwa sauti. Mara ya pili anarudisha vitano. Halafu inakuja sehemu ambayo mimi naiona ndiyo tiba yenyewe: kesho anakwenda genge la jirani na elfu tano, ananunua bila karatasi, na kipindi kinachofuata kinaanza na habari za gengeni. Alikwama wapi? Mbinu aliikumbuka, au kelele zilimvuruga?

Basi si nimpakulie gemu la kumbukumbu, yamalizike?

Atakuwa hodari wa gemu. Bila mtu wa kumuunganisha na genge, daladala na ratiba ya dawa, ustadi huo huishia kwenye kioo cha simu.

Bando likikata je? Na nyumba yetu ina wapangaji sita.

Kipindi kinaweza kumalizika kwa simu ya kawaida, na mazoezi ya karatasi yakatumwa mapema. Vipindi vifupi hufaa zaidi, maana macho na akili huchoka haraka kwenye kioo.

Faragha ni ngumu zaidi, hasa kwenye nyumba za kupanga. Tumieni spika za masikioni, chagueni saa ambayo watu wako kazini, na mkubaliane na mtaalamu neno moja la kumjulisha kwamba kuna mtu ameingia. Mtaalamu asirekodi bila ridhaa. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na wewe mzazi, washa simu kisha ondoka. Ukimjibia maswali, unafanya mazoezi wewe.

Nani asianzie kwenye simu?

Anayeamini simu inamsikiliza au inamtumia ujumbe wa siri: huyo aanze ana kwa ana. Anayezungumzia kujiua, au ambaye ugonjwa umerudi kwa nguvu, apelekwe hospitali leo hii.

Dar es Salaam nianzie wapi?

Pale anapochukulia dawa, au Muhimbili kwenye idara ya magonjwa ya akili. Ulizia mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku), kwa kuwa si kila kliniki ina huduma hii, sembuse kwa simu. Nenda na karatasi yenye mambo matatu yanayomshinda kila siku: kushuka kituo sicho, kuunguza ugali, kusahau dawa ya usiku. Mwache ayachague mwenyewe.