Kaptura ya pedi haitibu ganzi: maswali na majibu kwa wanaosafiri mbali kwa baiskeli

Wanaokuja kwangu baada ya safari ndefu ya baiskeli nawatambua kabla hawajasema neno. Wanakaa upande, tako moja kwenye kiti, jingine hewani, na wanaanza kwa kunieleza habari za goti. Goti ni zima. Kinachowasumbua kiko kwenye msamba, yaani sehemu iliyo kati ya viungo vya siri na njia ya haja kubwa, na mara nyingi wamekificha kwa wiki kadhaa. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza. Lile la ganzi nitalijibu zaidi ya mara moja, na nafanya hivyo kwa makusudi.

Kaptura ya pedi ni nini?

Ni kaptura ya kubana, ya kitambaa kinachovutika, iliyoshonewa pedi ya sponji sehemu ya kukalia. Inapunguza msuguano, inanyonya jasho, na inasaidia kutawanya uzito. Zamani pedi hiyo ilikuwa ngozi halisi ya mnyama. Ikifuliwa ilikauka na kukakamaa, ndipo watu wakawa wanaipaka mafuta. Sponji imechukua nafasi ya ngozi, ila mazoea ya kupaka krimu yamebaki.

Kwa safari ndefu, si ninunue yenye pedi nene kuliko zote?

Hapana. Hili ndilo kosa la kwanza dukani. Unapokaa vizuri kwenye baiskeli, uzito unabebwa na mifupa miwili ya kukalia, ile unayoisikia ukikalia benchi la mbao. Sponji nene na laini inadidimia chini ya mifupa hiyo, halafu ile ya katikati inabaki juu na kukandamiza msamba. Hapo ndipo zinapopita neva na mishipa ya damu ya viungo vya siri. Umelipia pedi ikubane pale pale ulipotaka kupakinga.

Tafuta sponji iliyoshiba. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kama vidole vinakaribia kugusana bila upinzani wowote, pedi hiyo itakuwa bapa saa chache tu baada ya kuondoka.

Nitajuaje kwamba inanikaa?

Usiijaribu ukiwa umesimama wima. Ukisimama, kila kaptura ya baiskeli inaonekana kama umefungwa nepi. Inama kama aliyeshika usukani, pandisha goti moja, kisha jingine. Pedi ishikane na ngozi bila kukunjika wala kuacha nafasi, na sehemu yake pana ikae chini ya mifupa ya kukalia. Kisha igeuze ndani nje, upitishe kiganja juu ya pedi polepole. Ukihisi mshono katikati, irudishe. Nimeona mshono wa namna hiyo ukiwa umechapwa kwenye ngozi ya mtu, nyuzi hadi nyuzi, na juu yake malengelenge yamepasuka.

Wanawake wachague iliyokatwa kwa ajili yao. Kwa kawaida pedi yake ni pana zaidi nyuma, kwa kuwa mifupa ya kukalia ya wanawake wengi imeachana zaidi. Ukiona mpira wa kiuno unakukata tumbo unapoinama, chukua yenye mikanda ya mabegani.

Nivae chupi ndani yake?

Usivae. Chupi ina mishono, inashika jasho na inajikunja. Kaptura hii huvaliwa juu ya ngozi tupu. Anayeona haya avae kaptura nyingine pana juu yake.

Napata ganzi sehemu za siri nikiendesha muda mrefu. Wenzangu wanasema ni kawaida ya baiskeli.

Si kawaida. Wenzako wamezoea, na kuzoea hakuifanyi kuwa salama. Ganzi maana yake neva imekandamizwa na damu haipiti vizuri. Mwili unakuambia ushuke. Unapoendelea kukanyaga pedeli juu ya ganzi, unaiumiza zaidi neva ambayo tayari inalalamika.

Mara tu ganzi inapoanza, simama juu ya pedeli au shuka utembee mpaka hisia zirudi. Usisubiri kituo cha chakula. Na usingoje ganzi ije ndipo usimame: kila baada ya dakika 10 hadi 15 inuka kwenye kiti kwa nusu dakika hivi. Ukiwa na haraka kiasi cha kushindwa kutoa nusu dakika, safari hiyo umeipanga vibaya.

Ikiwa yangu huisha nikishuka, bado ni tatizo?

Bado. Leo inaisha kwa dakika tano, safari ijayo inalala nawe usiku mzima. Alikuja kwangu mwanamume mmoja ambaye ganzi ilimpata siku ya pili ya safari ya siku sita. Alivumilia siku zote sita, akarudi nyumbani, akavumilia wiki tatu nyingine. Alipofika alikuwa anashindwa kusimamisha uume na hakuwa amemwambia hata mkewe. Siku ile ya pili angeshusha kiti na kupumzika, huenda tusingekutana kabisa.

Wanawake nao wasidhani hili ni la wanaume. Wanapata ganzi, na mashavu ya uke huvimba, wakati mwingine upande mmoja. Hayo pia si ya kuvumilia.

Basi nikinunua kaptura nzuri zaidi, ganzi itaisha?

Kaptura haitibu ganzi. Narudia kwa sababu kila mwezi nakutana na mtu aliyenunua ya pili, ya tatu, huku kiti hajakigusa. Anza na kiti. Kikiwa juu mno, nyonga zinayumba kila unapokanyaga na ngozi inasagika. Ncha yake ikiwa imeinuka, inachoma msamba. Kikiwa chembamba kuliko nafasi ya mifupa yako ya kukalia, uzito wote unaangukia sehemu laini. Usukani ulio mbali au chini sana nao unakulalisha mbele juu ya msamba. Rekebisha hayo, ujaribu kwa mwendo mfupi, ndipo uzungumzie kaptura.

Na kipele nilichokipata pale kiti kinapogusa, nikitumbue?

Usikitumbue, wala usikichome sindano. Vidole vyako vinasukuma usaha ndani na kipele kinageuka jipu. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha, pumzisha baiskeli siku mbili tatu. Kikikua, kikiwa kigumu na cha moto, wekundu ukienea, au homa ikija, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri dalili hizo. Aende akiona kidonda tu. Na tafadhali, acheni kumeza antibiotiki zilizobaki za mtu mwingine.

Krimu na kunyoa?

Krimu ya kupunguza msuguano ni sawa, ipake kwenye ngozi safi. Krimu za menthol zinazowasha, wanawake waziepuke. Kunyoa kwa wembe kunazalisha vipele. Punguza kwa mkasi.

Safari ya siku kadhaa, nibebe kaptura ngapi?

Mbili kwa uchache. Moja mwilini, nyingine inakauka. Ukifika tu, ivue. Kukaa na kaptura mbichi ukipiga soga kwa saa nzima ni kualika fangasi na vipele, na naona watu wazima wakifanya hivyo kila safari. Ifue kila siku, ndani nje, bila dawa ya kulainisha nguo, ianike pedi ikitazama jua. Pedi ikibaki na mkunjo hata baada ya kukauka, imekwisha kazi.

Ni lini hasa niende kwa daktari kwa ajili ya ganzi?

Isipoisha ndani ya siku moja baada ya kushuka. Ikirudi kila safari hata baada ya kurekebisha kiti. Uume ukianza kushindwa kusimama. Ukikojoa damu. Na ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea, usilale nyumbani siku hiyo.

Naona aibu. Nitasemaje nikifika?

Sema hivi: "Niliendesha baiskeli saa kadhaa kwa siku, ganzi ilinianza siku fulani, iko hapa, na haijaisha." Onyesha mahali kwa kidole. Ukiulizwa kuhusu mkojo na tendo la ndoa, jibu ukweli wote. Ukitaka mhudumu wa jinsia yako, omba mwanzoni kabisa. Na usianze na goti.