Je, wajua kwa nini wanafunzi wa udaktari hutafuta ushauri kwa wagonjwa?

Katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, vikundi vya wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia vinavyoshughulikia usalama wa tiba huwaalika wagonjwa na jamaa zao wawe washauri. Mtu asiyejua hata kongosho liko upande gani ana nini cha kumshauri daktari mtarajiwa?

Wengi hujibu upesi kwamba analeta huruma: anasimulia yaliyomkuta, wanafunzi wanalengwalengwa na machozi, kisha anapigiwa makofi na kwenda zake. Wengine humchanganya na mwigizaji wa ugonjwa, yaani mtu mwenye afya anayefundishwa kuigiza dalili ili mwanafunzi apimwe, mbinu aliyoianzisha Howard Barrows mjini Los Angeles mwaka 1963. Wapo pia wanaomfikiria mgonjwa wa kitandani ambaye profesa humwonyesha kwa wanafunzi waliomzunguka. Lakini watu hao wote watatu huingia swali likiwa limekwisha kutungwa na wengine. Mshauri huketi kikaoni swali likiwa bado linatungwa, na anaweza kusema waziwazi kwamba mradi unaopendekezwa hautamsaidia mgonjwa yeyote, jambo ambalo, tukubali, halipendezi kulisikia.

Uwezo huo unatokana na mahali alipokaa kuliko elimu yake. Fikiria kifurushi kinachosafirishwa kutoka Kigoma hadi Tanga kwa mabasi matatu. Kila kondakta anakijua kipande chake cha njia, na akiulizwa ataapa kwamba alikikabidhi salama. Kinachoharibika huharibika stendi, kati ya mkono mmoja na mwingine, mahali ambapo hakuna anayewajibika moja kwa moja. Kilichopita stendi zote ni kifurushi chenyewe, ila hakisemi. Hospitalini kifurushi kinasema: mgonjwa, au mama aliyekesha kando yake, ameziona zamu zote zikipokezana, amesikia idara mbili zikitoa maelekezo yanayopingana, na anajua ni wapi taarifa ilipotea.

Mfano unaofahamika sana ni wa Lewis Blackman, kijana wa miaka 15 aliyefariki mwaka 2000 katika hospitali ya chuo kikuu huko South Carolina, siku chache baada ya upasuaji ambao haukuwa wa dharura. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya mwishoni mwa wiki, wazazi waliomba daktari mwandamizi. Aliyekuja alikuwa bado mafunzoni, nao hawakujua. Mama yake, Helen Haskell, aliishikilia hoja hiyo, na mwaka 2005 jimbo hilo likapitisha sheria inayowataka wahudumu wa hospitali, wakiwemo wanafunzi na madaktari walio mafunzoni, kuvaa beji zinazoonyesha jina na cheo. Kwa wafanyakazi wa wodi hakukuwa na fumbo lolote, kwa kuwa wao walijuana. Pengo lilionekana kwa familia peke yake.

Mwanafunzi naye humfaa mshauri wa namna hii, kwa sababu hajauzoea mfumo wala hana cheo cha kuutetea. Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, kilianzisha mwaka 2011 mpango unaomkabidhi mtu mwenye maradhi ya kudumu, au mlezi wake, wanafunzi wanne wa fani tofauti kwa miezi 16, naye ndiye mwalimu wao.

Hata hivyo, ushahidi uliopo unahusu zaidi mtazamo na mawasiliano ya wanafunzi. Kuhusu wagonjwa kupona vizuri zaidi baadaye, ni haba. Tena mgonjwa mmoja hawezi kuwasemea wote, na anayemudu kuhudhuria vikao vya jioni mara nyingi ndiye mwenye nafasi, elimu na nauli. Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii hushauri kualika angalau washauri wawili, kuwalipia usafiri, na kuwaita kabla mradi haujachaguliwa.