Ya tachi, ya kugeuza, ya kuandikia

Juzi nimesikia tena. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi amesimama mbele ya meza ya kompyuta za mtumba, anatafuta mashine ya kuandikia notsi kwa mkono. Muuzaji akapitisha kidole kwenye kioo, picha zikasogea, akasema: "Hii hapa mdogo wangu, ya tachi, kishikwambi kabisa." Ilikuwa kompyuta mpakato ya kawaida yenye kioo cha kugusa. Haigeuki na haina kalamu. Kijana alikuwa ameshaanza kuhesabu hela.

Kompyuta mpakato ya kugeuza ni kompyuta kamili, ina kibodi yake, ila kioo chake hugeuzwa kikawa kibao cha kushika na kuandikia. Nyingi za siku hizi bawaba zake huzunguka nyuzi 360, kibodi ikaenda mgongoni. Za zamani kioo kilizungushwa juu ya bawaba moja ya katikati, kisha kikalazwa juu ya kibodi. Zile ambazo kioo huchomoka kabisa ni ndugu zake, lakini si hizo. Basi, maana yake ndiyo hiyo. Kinachonisumbua ni majina.

Kiswahili kimetupa majina mawili mazuri, na yote yametoka kwenye mwili wa mtu. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Ndiyo maana Tanzania tunasema kompyuta mpakato, na Wakenya wana kipakatalishi, yaani pakata iliyovishwa mkia wa tarakilishi, jina lao la kompyuta. Upande wa pili kuna kishikwambi, yaani tableti, na kushika kunasikika mwanzoni tu mwa neno. Wengi wetu tulilizoea wakati wa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mkononi, na baadaye vikapelekwa kwa walimu. Kimoja cha kupakata, kingine cha kushika. Mashine ya kugeuza ni ile inayokubali yote mawili: asubuhi unaipakata na kuchapa ripoti, mchana unaikunja na kuilaza mkononi kama daftari.

Kugusa hakumo katika jina lolote kati ya hayo. Wala hakumo katika neno la Kiingereza, tablet, lililotuzalia "tableti". Hilo asili yake ni kibao, limetoka Kilatini, tabula, likapitia Kifaransa. Aliyesoma chuo cha Kurani pwani, au aliyesimuliwa na babu yake, anakijua kitu hicho bila kamusi: ubao wa mti, unaandikiwa aya kwa wino, ukishahifadhi unaoshwa na kuandikiwa nyingine. Kazi ya ubao ilikuwa kuandikiwa.

Na waliozileta mashine hizi walikuwa na maana hiyohiyo. Mwezi Novemba 2002 Microsoft ilipozindua Windows ya kompyuta za kibao, zilitoka mashine kama Acer TravelMate C100 na Toshiba Portégé 3500, kioo kinazungushwa na kulazwa, kalamu imechomekwa ubavuni. Miaka mitatu baadaye ikaja ThinkPad X41 Tablet. Ukiigusa hiyo kioo chake kwa kidole, hakuna kinachotokea. Inaitika kwa kalamu yake tu. Nalipenda sana jambo hili, maana linamaliza ubishi: mashine iliitwa kibao, ikageuka, ikaandikiwa, na haikuwa ya tachi hata kidogo. Kidole kilikuja kutawala baadaye, hasa baada ya iPad ya mwaka 2010, ambayo yenyewe haikuwa na kalamu ya kiwandani. Apple walileta ya kwao mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo neno likahama kutoka kuandika kwenda kugusa, na sisi tukalipokea likiwa limeshahama.

Kwa mwanafunzi tofauti hii si ya kamusi tu. Kioo cha kidole hufuata umeme wa ngozi, na kiganja nacho ni ngozi. Ukiandika juu yake kwa kijiti cha ncha ya mpira, kijiti kinajifanya kidole, kiganja nacho kinachora mistari yake pembeni. Kioo cha kalamu kina kitu cha ziada. Katika zile zinazotumia teknolojia ya sumaku ya kampuni ya Wacom kuna tabaka nyuma ya kioo linalotoa uga wa sumaku, na kalamu huchota nguvu humo, ndiyo maana haihitaji betri. Kompyuta inaijua kalamu ni kalamu, inakipuuza kiganja, na inahisi umekandamiza kwa kiasi gani. Anayesoma hesabu, kemia au umeme anajua hiyo ina thamani gani mhadhiri anapofuta ubao kabla hujamaliza kuchapa mlinganyo wa kwanza. Anayesoma sheria au historia, kibodi nzuri inamtosha. Asilipie bawaba asiyoihitaji.

Kugeuka nako hakuthibitishi kalamu. Modeli yenye jina moja huweza kutoka kiwandani kwa aina mbili, moja ya kalamu na nyingine ya kidole tu, na kwa macho huzitofautishi. Kwenye Windows ingia Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa Pen and touch. Ukitaja touch peke yake, hapo hakuna kalamu. Kama kalamu ipo dukani, isogeze karibu na kioo bila kukigusa. Alama kwenye kioo ikianza kuifuata ikiwa bado hewani, kioo hicho kinaitambua kalamu.

Yule muuzaji simwiti mwongo. Kaita kishikwambi kitu alichosikia wenzake wakikiita hivyo. Ila angesema "ya tachi" akaishia hapo, angekuwa amesema kweli, na kijana angejua kwamba bado ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: inageuka? Na kalamu yake iko wapi?