Ile nafasi tupu pembeni mwa fremu

Kila ninayemfundisha kamera akitaka kupiga filamu ya kutisha huanza na damu: inachanganywaje, ikikauka haitaonekana nyeusi? Humwambia akatazame Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978, kisha aniletee hesabu ya damu aliyoiona. Hurudi na matone.

Filamu ile iligharimu dola 300,000 hivi, hela ndogo kwa Marekani hata wakati huo. Lakini mpiga picha wake, Dean Cundey, alitumia lenzi za Panavision za picha pana, na upana huo ndio unaotisha. Mweke msichana upande mmoja wa fremu, upande wa pili uache mtupu. Jicho la mtazamaji halitulii, litakwenda kulekule kutafuta kitu. Mara nyingi hakuna. Kikiwepo, unaruka.

Shoti ninayoirudia kila mara ni ya Laurie, msichana anayewindwa na muuaji, ameegemea ukuta, analia, pembeni yake mlango wa chumba chenye giza. Giza tupu. Halafu kinyago cheupe cha muuaji kinajitokeza humo taratibu, kama zile picha tulizosafisha kwenye dawa enzi za filamu. Siri yake ni taa ndogo iliyofungwa dima, yaani swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, mwanga ukaongezwa kidogo kidogo. Niliwahi kuiga kwa balbu ya LED ya bei chee: ikakaa kimya, ikapepesa mara mbili, ikawaka yote kwa mpigo. Jini wangu akaonekana kama mtu aliyefumwa jikoni anadokoa nyama. Tafuta balbu ya kizamani, ile yenye waya ndani.

Wengi husifia mwanzo wa filamu, na wana haki. Kwa dakika nne hivi kamera ndiyo macho ya muuaji. Ilivaliwa mwilini kwa kifaa kiitwacho Panaglide, ikachungulia dirishani, ikazunguka hadi jikoni. Mkono unaochukua kisu ni wa Debra Hill, mtayarishaji. Kisha tunapanda ngazi, kinyago kinavaliwa, skrini inabaki matundu mawili. Kinapovuliwa huko nje ndipo tunamwona tuliyekuwa ndani yake: mtoto wa miaka sita.

Mimi navutiwa zaidi na deni linalobaki. Tangu hapo, kamera ikielea nyuma ya wasichana wakitoka shule, hujui ni ya mwongozaji au ya muuaji. Mchana kweupe muuaji anasimama kando ya ua wa michongoma. Rafiki anakwenda kuchungulia, hamna mtu. Na sikukuu yenyewe ya Halloween, ya watu kuvaa vinyago, inamfichia siri, maana usiku wa 31 Oktoba nani atamshangaa mwenye kinyago? (Majani makavu ya barabarani yalipakwa rangi ili ionekane Oktoba, majani yanapopukutika, maana walipiga California majira ya kuchipua. Tazama miti, ni ya kijani.)

Mwishoni muuaji anaanguka kutoka roshani, daktari wake aliyekuwa akimsaka anachungulia chini: nyasi tupu. Hapo Carpenter anarudi kwenye sehemu tulizokwishapita. Ngazi. Sebule. Nyumba kwa nje. Hakuna mtu katika fremu hata moja, na pumzi za ndani ya kinyago zinazidi kusikika.