Malengo ya Bonane: tunayoambiana Lubumbashi na yaliyopimwa

Bonane, yaani Mwaka Mpya, ikipita, kila mtu hapa Lubumbashi ana mpango. Huyu atajenga Ruashi, yule atajua Kiingereza, mwingine ataacha pombe kabisa. Fika Machi umuulize mtu amefikia wapi. Atakujibu "tunapambana tu". Watu husema ni uvivu. Mimi sikubali. Mengi ya malengo hayo yalikuwa yamekufa siku ileile yaliposemwa, maana hayakuwa na kitu cha kuhesabu, na mashauri tunayopeana juu yake mengi hayana msingi.

"Ukiliandika lengo, umeshafika nusu ya njia"

Kwenye semina za ujasiriamali utasimuliwa habari ya wanafunzi wa Yale mwaka 1953. Asilimia 3 tu waliandika malengo yao, na baada ya miaka 20 hao wachache walikuwa na mali kuliko wale asilimia 97 wote wakijumlishwa. Msemaji mwingine ataipeleka hadithi hiyohiyo Harvard. Utafiti huo haupo. Waliokwenda kuutafuta Yale walirudi mikono mitupu.

Kilichopimwa kweli ni kufuatilia. Mwaka 2016 yalitoka mapitio ya tafiti 138, zenye watu karibu 20,000 kwa jumla. Waliokagua hatua zao mara kwa mara walifikia malengo zaidi ya wasiokagua, na faida ilikuwa kubwa zaidi pale walipoziandika hatua hizo au kuziweka mbele ya watu. Yaani karatasi ya Januari iliyofungiwa kabatini haina kazi. Kazi iko kwenye karatasi ya kila jioni.

Kuna mama anayeuza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Chini ya meza yake ana kaye (daftari) ya shule, jalada lake limekuwa jeupe kwa vumbi la unga. Akifunga biashara anaandika vitu vitatu: meka (vipimo vya unga) alizouza, faranga zilizobaki baada ya kutenga bei ya mfuko wa kesho, na kiasi alichoweka kwa ajili ya mabati. Mvua ikinyesha kutwa na wateja wasije, anaandika sifuri. Hiyo sifuri ndiyo wengi wetu tunairuka, halafu mwisho wa mwezi tunatafuta mchawi wa pesa zetu.

"Jitahidi tu kadiri ya uwezo wako"

Neno hili ni tamu na halimuudhi mtu, ndiyo maana linapendwa. Lakini Edwin Locke na Gary Latham, wanasaikolojia waliochunguza malengo kwa miongo kadhaa, waliona jambo lilelile likijirudia: lengo mahususi na gumu kiasi humfanya mtu atende zaidi kuliko kuambiwa ajitahidi.

Mfano wao mmoja utaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukwama nyuma ya foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ni wa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani, na matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Kwanza waliambiwa wajitahidi kupakia vizuri, lakini malori yalikuwa yakiondoka na takriban asilimia 60 ya uzito ulioruhusiwa na sheria. Kisha wakapewa lengo moja: asilimia 94. Mishahara haikuongezwa. Mzigo ukapanda hadi karibu asilimia 90 na kubaki hapo. Dereva alikuwa na namba ya kulinganisha na mzigo wake, basi.

Ila namba nayo ina hila zake. Mtu anayeanza kitu asichokijua kabisa, tuseme cherehani, ukimwambia mwezi wa kwanza atoe mashati kumi, atakutolea mashati kumi yaliyopinda kola. Huyo mpe lengo la kujifunza: wiki hii kola, wiki ijayo mikono. Idadi itakuja baadaye. Na wazazi wanaopima akili ya mtoto kwa asilimia za buletini (ripoti ya shule) peke yake wanajua, kama wakisema kweli, kwamba kuna mtoto wa 70 asiyeweza kukueleza alichosoma.

"Siku 21 zinatosha kuzoea"

Hazitoshi kwa wengi. Namba hiyo ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura mpya. "Angalau" ikapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza tendo jipya la kila siku, mtu wa katikati alihitaji siku 66; wa haraka 18, na wa mwisho alikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

"Mtangazie kila mtu, aibu itakusukuma"

Hapa inategemea unatangaza nini. Peter Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anayetaka kuwa fulani, mwanasheria kwa mfano, nia yake ikishatambuliwa na wengine, hupunguza juhudi, sifa ameshaionja. Kuonyesha hatua ulizopiga ni kitu kingine. Ndiyo nguvu ya likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu: hakuna anayekuuliza una ndoto gani, wanakuuliza mchango wa wiki hii uko wapi.

"Najua itanichukua muda gani"

Hujui, wala mimi sijui. Katika utafiti wa Kanada wa mwaka 1994, wanafunzi walikadiria watamaliza tasnifu kwa siku 34 hivi. Wakatumia zaidi ya 55. Kwa hiyo kama unataka tanuri lako la matofali lizimike kabla ya mvua za Novemba, acha kukisia. Muulize jirani aliyechoma mwaka jana yeye alitumia wiki ngapi, tangu kufinyanga udongo, na uhesabu kurudi nyuma kutoka hapo.